Kwa Mama Tausi, Tabora

Ujiji, Kigoma

Shoga yangu Mama Tausi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikichambua dagaa uani, na nimecheka ulipofika kwa mama mkwe na kijiko chake cha asali. Nimeona nikuandikie kwa kituo, simu zenyewe ndiyo hizi za kukatikakatika.

Unasema Tausi ana miezi minne na mafua, ila ananyonya, anacheza, hana homa, na jirani anakwambia umpe amoksilini ya maji "yasije yakashuka kifuani". Huyo jirani namjua, maana nilikuwa yeye. Salumu wangu hajatimiza mwaka alishamaliza chupa sijui ngapi, zote nimenunua dukani bila cheti, zote kwa mafua. Mafua yanaletwa na virusi, na amoksilini ni antibayotiki, haigusi virusi. Iliowagusa ni bakteria wa tumboni mwake.

Utasema, si afadhali wafe? Ngoja. Kati ya yaliyomo utumboni na mwili wenyewe pana ukuta wa seli safu moja tu, na ute juu yake. Nyuma ya ukuta huo askari wa kinga wamejazana. Kila siku mbele yao vinapita ugali, migebuka, bakteria kwa matrilioni, wageni watupu. Wakimshambulia kila mgeni, tutaungua kwa ndani. Kupigana wanakujua; kazi ni kuwafundisha kuvumilia. Miongoni mwa askari hao ziko seli ziitwazo seli za T, na baadhi yake shughuli yao ni kuwashika wenzao mikono. Sakaguchi wa Japani na Wamarekani Brunkow na Ramsdell wamepewa Nobeli ya tiba ya 2025 kwa habari za seli hizo na jeni inayoziongoza.

Na bakteria ni miongoni mwa walimu wao! Panya wakilelewa maabara bila bakteria hata mmoja, kinga ya utumbo wao inadumaa. Wakipandikizwa bakteria fulani wa jamii ya Klostridia, zile seli za kutuliza zinaongezeka.

Wanavyofanya ni mambo ya jikoni kabisa. Maharage ya njano niliyokuletea siku ya Idi yana makapi ambayo matumbo yetu hayawezi kuyasaga. Yanafika utumbo mpana, bakteria wanayachachusha. Gesi yake unaijua, bweni zima liliijua. Lakini hutoka pia butireti, yenye harufu kama ya samli iliyochacha, na hiyo ndiyo chakula cha seli za ukuta ule, tena huzisukuma seli changa za T ziwe za kutuliza. Kwa hiyo wewe kula maharage, kula matembele, na sembe nyeupe iachie wageni.

Tausi bado yuko kwenye ziwa, na humo kuna sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Ni za bifidobakteria wake, bakteria wema wa tumboni. Yaani unanyonyesha watoto usiowaona.

Salumu alikuja kupata pumu ya ngozi. Siapi kwamba ni zile chupa. Tafiti zimeona pumu na mzio zaidi kwa watoto waliopewa antibayotiki mapema, ila viwili kuandamana si lazima kimoja kiwe kimemzaa mwenzake. Mimi hata hivyo nikimwona anajikuna usiku, nazikumbuka.

Usinielewe vibaya lakini. Akianza kuhema haraka, akikataa ziwa, akipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, na daktari akiandika antibayotiki mpe mpaka zimalizike. Nichukiacho ni dawa ya kubahatisha.

Sasa asali. Mwambie mama mkwe kwa adabu zote, na useme umesikia kwangu, anipigie mimi. Asali, hata hiyo ya Tabora yenu, inaweza kubeba mbegu za bakteria wa sumu ya botulizimu. Sisi wakubwa hazitusumbui, kwa sehemu kwa sababu utumbo wetu umeshajaa wenyeji wasiowapa wageni nafasi. Utumbo wa mtoto bado una vyumba vitupu. Mbegu zinaota na sumu inamlegeza misuli hadi pumzi. Mpaka atimize mwaka, hata ncha ya kidole asilambishwe.

Chupa ya asali iliyobaki ifunge vizuri, mpe mtu anayekuja na treni. Nitaipokea stesheni mwenyewe.

Wako,
Mama Salumu