Boti ya faiba iliyotumika: tunaanzia ngamani

Mteja akitupigia kutuambia amepata boti ya matanga ya faiba, ya zamani lakini "safi kabisa", swali letu la kwanza ni moja: ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, umeiona? Wengi wanakuwa wameona rangi mpya, magodoro na jiko dogo la gesi. Mabaharia wa kale walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani, na hapa karakanani kwetu Katonga, Kigoma, tunalifuata neno hilo kama lilivyo. Tunafunua mbao za sakafu na kuingia na tochi. Pale chini ambako maji, mafuta na kutu hujikusanya, ndipo boti inapoeleza ilivyoishi.

Uzee wenyewe hatuuogopi. Meli ya Liemba tunayoijua sote ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini 1927. Mafundi walikuwa wameipaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuizamisha, na grisi ile ndiyo iliyoiokoa. Faiba nayo haiozi kama mbao. Boti nyingi za miaka ya 1960 ni nene kweli, kwa kuwa wajenzi wa wakati ule walikuwa bado hawajui faiba kiasi gani inatosha. Taabu iko kwenye vitu vilivyofunikwa ndani ya faiba na vile vilivyofungwa juu yake.

Watu hudhani boti ikitoka Tanga au Dar es Salaam ikaja Ziwa Tanganyika, sasa imepumzika. Kwa vyuma, ni kweli kiasi. Kwa faiba ni kinyume, na hili tunalirudia kwa kila mteja. Jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, halizuii maji kabisa. Maji hupenya polepole, yakakuta mabaki ya kemikali ambayo hayakushikana na rezini, ile gundi inayoshika faiba, siku boti ilipotengenezwa, yakayayeyusha. Kimiminika hicho huvuta maji mengine kutoka nje, shinikizo linapanda, na ngozi ya boti inatoka malengelenge. Maji baridi yana chumvi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo mvuto huo unakuwa mkali zaidi, na ziwa letu lina joto mwaka mzima, jambo linaloharakisha kazi hiyo. Ukitoboa lengelenge vaa miwani, maana maji yake huruka na yana tindikali. Harufu yake ni kama ya siki.

Malengelenge machache ya ukubwa wa punje ya mahindi hayatufanyi tumwambie mtu aiache boti. Tunayachimba, tunaosha kwa maji safi mara nyingi, tunakausha, halafu tunajaza gundi ngumu ya epoksi. Kinachogharimu ni muda. Kukausha ni wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na kipima unyevu hakidanganywi. Boti ikiletwa Januari katikati ya mvua, itakaa tu uani kwetu inakula gharama. Ilete Juni. Kama malengelenge yametapakaa na matabaka ya faiba yameanza kuachana, hapo tunasema waziwazi: matengenezo yatazidi bei uliyotajiwa.

Tena uangalie vile vipande vya chuma vinavyofungwa karibu na panka linalosukuma boti ili viliwe na kutu badala ya vyuma vingine. Vya baharini ni zinki. Katika maji baridi zinki hujifunika ganda na kuacha kazi, huku mwenye boti akifurahi kwamba "haziishi". Haziishi kwa sababu hazifanyi kitu, na shafti ndiyo inayoliwa. Ziwani tunafunga za magnesi.

Baada ya hapo tunagonga. Nyundo ndogo ya plastiki, kiganja kwa kiganja, tumbo lote la boti na sitaha yote. Faiba nzima inajibu kwa sauti kavu, ya juu. Iliyoachana inajibu kwa sauti butu, kama umepiga gunia la unga uliolowa. Sitaha ndiyo inayotuonyesha mengi, kwa sababu mara nyingi katikati ya faiba mbili kumewekwa mbao laini ya balsa au plaiwudi ili ipate ugumu bila uzito. Bolti moja ikilegea, maji yanaingia, mbao inaoza kimya kimya miaka kumi. Vua viatu utembee. Ukisikia inabonyea chini ya kisigino karibu na mlingoti, usiendelee na mazungumzo ya bei mpaka tumepima.

Bamba zinazoshika kamba za chuma za mlingoti zinapopita kwenye sitaha, hapo pia maji hukaa. Chuma kisichoshika kutu, kikikaa kwenye unyevu usio na hewa, huliwa kwa ndani na kupasuka ghafla, huku sehemu inayoonekana inang'aa. Bolti za mkuku, ule uti wa chini ya boti, zina ugonjwa huohuo: ukiona michirizi ya kutu pale mkuku unapokutana na tumbo la boti, tunataka kuchomoa walau bolti moja. Kamba za chuma zenyewe tunazipitishia kitambaa cha pamba, kikinasa uzi mmoja uliokatika, kamba hiyo imekwisha. Hata zisiponasa, kama zimevuka miaka kumi tunashauri zibadilishwe kabla ya safari ndefu.

Usukani usisahaulike. Ndani ya lile jani la faiba kuna mhimili wenye vyuma vilivyochomelewa, na maji yakiingia hatuvioni tena. Injini tunaiwasha ikiwa baridi, tunatazama moshi na mafuta, basi. Injini hubadilishwa.

Uamuzi wetu unategemea unakokwenda. Kuambaa ufuko hadi Gombe kwa siku tulivu, ukiwa na mwambao upande mmoja, ni kazi ambayo boti yenye sitaha laini kidogo inaweza kuifanya wakati unajipanga kuitengeneza. Kushuka hadi Mahale, au kukata ziwa kuelekea Kalemie, ni jambo jingine. Kusi ya kiangazi huvuma kwa urefu wa ziwa lenye zaidi ya kilomita 600, na mawimbi yake ni mafupi, yamesimama, yanapiga bila kukupa nafasi. Kwa safari hiyo hatukubali shaka yoyote kwenye mlingoti, mkuku wala usukani, hata muuzaji awe ndugu yako. Na ripoti yetu haichukui nafasi ya ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, huo uko palepale.

Ukaguzi wetu ni wa siku mbili. Siku ya kwanza boti inatolewa majini na kuoshwa, siku ya pili tunaikagua ikiwa kavu kwa nje. Kwa hiyo kabla hujatuita, zungumza na muuzaji akubali ipandishwe nchi kavu na sakafu ifunuliwe. Akikataa, hatuikagui, na malipo yako ya awali tunakurudishia yote.