Tuache kubadili saa, lakini tusichague giza la asubuhi

Mhariri,

Kila Machi saa zinaposogezwa mbele, mjadala huu hufufuka hapa Marekani: tuache kubadili saa mara mbili kwa mwaka, tubaki daima na saa za majira ya joto, yaani zile zilizosogezwa mbele saa moja. Kuacha kubadili naunga mkono kwa moyo wote. Kubaki na saa za majira ya joto napinga, na nawaomba wenzangu tunaoishi huku kaskazini tulitafakari jambo hili kabla ya kulishangilia.

Naishi Grand Rapids, Michigan, mji wenye Wakongomani wengi na wasemaji wengine wa Kiswahili. Mwanzoni mwa Januari jua huku huchomoza karibu saa mbili na robo asubuhi. Saa za majira ya joto zikidumu, litachomoza saa tatu na robo. Wakati huo watoto wengi watakuwa wameshaingia darasani, baada ya kusubiri basi la shule kando ya barabara, gizani, kwenye theluji. Na wazazi wengi wa jumuiya yetu hufanya kazi za zamu viwandani. Asubuhi hawapo nyumbani kuwasindikiza.

Nchi hii ilishajaribu. Nchi za Kiarabu zilipoinyima mafuta mwaka 1973, Rais Nixon alitia saini sheria ya kuweka saa za majira ya joto mfululizo, na zikaanza Januari 6, 1974. Desemba, kabla ya kuanza, asilimia 79 ya wananchi waliunga mkono. Kufikia Februari walibaki asilimia 42. Huko Florida watoto waliokuwa wakienda shule alfajiri waligongwa na magari wakafa, na Gavana Reubin Askew akaomba sheria ifutwe. Jaribio lililopangwa kufika Aprili 1975 halikumaliza hata mwaka. Urusi nayo ilichukua njia hiyo mwaka 2011, ikaiacha mwaka 2014 na kuhamia saa za majira ya baridi, yaani saa za kawaida zisizosogezwa mbele.

Ndiyo maana nilisikitika Machi 2022, Seneti ilipopitisha muswada wa namna ileile bila hata mmoja kupinga. Bahati nzuri Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura.

Wanaoutaka husema jioni ndefu ni nzuri kwa biashara na michezo. Ni kweli, jioni ni tamu. Lakini Juni, hata kwa saa za kawaida, jua la hapa lingetua karibu saa mbili na nusu usiku. Jioni hiyo inatosha. Mwanga wa asubuhi ndio unaouambia mwili kwamba kumekucha, na madaktari wa usingizi wa American Academy of Sleep Medicine wamesema wazi kwamba saa za kudumu ziwe zile za kawaida. Sisi tuliokulia tukihesabu saa ya kwanza ya mchana tangu jua linapochomoza hatuhitaji kushawishiwa sana.

Tena jambo hili halihitaji kusubiri Washington. Sheria ya mwaka 1966 inaruhusu jimbo lolote kubaki na saa za kawaida mwaka mzima. Hawaii na sehemu kubwa ya Arizona hufanya hivyo. Kinachokatazwa bila idhini ya Bunge la taifa ni kudumisha saa za majira ya joto. Kwa hiyo wabunge wetu wa Lansing, makao makuu ya jimbo la Michigan, wana uwezo huo tayari. Wenye haki ya kupiga kura, wapigieni simu ofisini kwao kabla Machi haijafika, mwaeleze habari za watoto wanaosubiri basi.

Msomaji wenu,
Grand Rapids, Michigan