Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale, Zanzibar: Nahodha naye apewe nafasi Beit al-Ajaib

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kuhusu Beit al-Ajaib, jumba letu la makumbusho, lililoporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020. Litakapofunguliwa tena, naomba watakaoingia wakute humo, pamoja na habari za masultani, habari za manahodha wa karne ya 19 waliosafiri kwa vyombo vyao wenyewe.

Ahmad bin Naaman tunamjua. Aprili 1840 alifika New York na meli ya Sultana, wamepakia pembe za ndovu, karafuu, kahawa na tende, na picha yake aliyochorwa ingali Salem, Marekani. Lakini Sultana ilikuwa mali ya sultani, Seyyid Said. Ingezama, hasara ni ya Seyyid Said. Nahodha mwenye jahazi lake hakuwa na wa kumbebea hasara.

Mfikirie mtu huyo, Mheshimiwa. Mtaji amekopa kwa tajiri wa mjini, na chombo chenyewe ndicho rehani. Kabla ya safari hukipandisha pwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, akazikalafati nyufa zake kwa pamba, akakipaka deheni ya shahamu na chokaa chini, na sifa, yaani mafuta ya papa, juu. Hupakia boriti za mikoko kwenda Uarabuni, ambako miti ya kujengea ni adimu. Akichelewa kung'oa nanga, kusi kali ya Juni na Julai humfungia njia, na huku deni linamsubiri. Kaskazi ikivuma hurudi na tende na papa wakavu. Ndipo hesabu inapofanywa: chakula na gharama hutolewa kwanza, kinachobaki hugawanywa, fungu la chombo na fungu la mabaharia. Yeye hupata kotekote, kwa unahodha wake na kwa umiliki wake. Ila jahazi likivunjika mwambani, riziki imekwenda na deni limebaki.

Wapo pia waliobeba watumwa, hata baada ya Sultani Seyyid Barghash kutia saini mkataba wa Juni 1873 uliopiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Hilo nalo liandikwe palepale, kwa herufi zilezile. Tukilificha tutawadhulumu mara ya pili waliofungwa ndani ya vyombo hivyo.

Ombi langu ni mambo mawili. Wataalamu wa nyaraka pale Kilimani wapewe muda na fedha wazitafute hati za mikopo na rehani za vyombo, majina ya wenyewe yapatikane. Na watumwe vijana wenye vinasa sauti hadi Nungwi na Mkokotoni, wakae na wazee waliorithi habari hizi kwa babu zao, na mafundi ambao bado wanaunda majahazi. Kazi hiyo haina haja ya kusubiri jengo likamilike. Inaweza kuanza mwezi huu.