Kabla Hujaitisha Dawa ya Homoni, Nambie Tarehe Zako

"Dada, niuzie dawa ya homoni." Hii naisikia hapa kaunta kila mara. Leo ni msichana wa sekondari mwenye chunusi, kesho ni mama wa miaka 48 anayelowa jasho usiku na feni yazunguka, keshokutwa ni bi harusi wa mwaka jana ambaye mawifi washaanza kumpima tumbo kwa macho. Wote wataka dawa hiyo hiyo moja, na jameni, haipo. Homoni si malaria kwamba utapimwa uambiwe ipo ama haipo. Kuna ya tezi ya shingoni, kuna insulini ya sukari, kuna ya maziwa, kuna za mayai, na kila moja ikipanda ama ikishuka yaleta vituko vyake, na dawa ya kutuliza hii yaweza kuivuruga ile.

Sisi ni kemisti ndogo tu hapa Malindi, hatuna mashine kubwa kubwa. Lakini kuna jambo twaweza kukufanyia kabla hujatoa hata shilingi, nalo ni kukaa nawe tuhesabu tarehe.

Na hapo ndo shida inapoanza. Muulize mtu mara ya mwisho umeingia mwezini lini, atakwambia "kama wiki mbili hivi, ama tatu." Lakini muulize adaiwa siku ngapi za Ramadhani, zile alizokosa kufunga kwa ajili ya damu, hapo hakosei hata kidogo, "nadaiwa saba, mwaka juzi sikudaiwa hata moja, mwaka wa nyuma yake pia sikudaiwa." Ehe! Hiyo ni habari kubwa na mwenyewe hajui kama ameitoa. Mara moja kutodaiwa haina neno, yatokea, lakini ikijirudia na mtu hana mimba, hanyonyeshi, hana sindano wala kijiti cha kupanga uzazi, basi kuna la kuulizana. Kwa mtu mzima, ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata, siku 21 mpaka 35 ni sawa, na damu yenyewe siku 2 mpaka 7. Kwa hivyo kama yako ni 33 miaka yote usitishwe na mtu wa TikTok ati umevurugika. Chukua kalenda ya ukutani utie alama ile siku ya kwanza tu, na utumie tarehe za kizungu ama za kiislamu, usichanganye, manake mwezi wa mwandamo ni siku 29 ama 30 na hesabu itakupiga chenga.

Tukishapata tarehe nitakuuliza mambo mengine ya aibu aibu, usinune. Kwanza mimba, hata kama waapa haiwezekani twapima. Alafu P2. Hivyo vidonge ni vya dharura vya kuzuia mimba, ndani ya masaa 72, na vyaweza kuisukuma damu mbele ama nyuma kwa siku kadhaa, sasa anayevimeza kila mwezi tarehe zake hazisomeki. Sindano ya miezi mitatu nayo yaweza kukata damu kabisa na hilo ni jambo la kawaida, damu haikusanyiki popote ndani, na ukiiacha mwili waweza kuchukua hata karibu mwaka kurudi. Kwa hivyo dawa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa kwa chupa hazina uchafu wowote wa kuutoa, ni pesa yako tu inayosafishwa.

Kuna mama alimleta bintiye, yuanong'ona huku amekunja uso, "huyu mtoto hasugui shingo." Msichana akanionesha. Weusi mzito nyuma ya shingo kama mahameli, na pembeni ngozi imechubuka. "Nasugua kila siku shangazi, kwa ndimu na sukari, na liwa juu." Maskini, si uchafu ule. Weusi wa namna ile mara nyingi ni alama kwamba insulini iko juu, na insulini ikiwa juu yaisukuma mifuko ya mayai itoe homoni za kiume kuliko kiasi, ndo waona ndevu za kidevuni, chunusi zisizoisha, na damu inayokuja ikijisikia. Hiyo ndo njia moja ya PCOS, yaani ugonjwa wa homoni unaovuruga mifuko ya mayai, na karibu mwanamke 1 kati ya 10 anayo, wengi hawajui. Daktari huangalia mambo matatu: mayai kutotoka kwa mpangilio, homoni za kiume kuzidi, na sura ya mifuko ya mayai kwenye skani. Ukiwa nayo mawili, na akishahakikisha si tezi wala kitu kingine, atakwambia ndiyo PCOS. Kwa msichana mdogo skani haitoshi kumhukumu, manake mifuko yake yaweza kuonekana hivyo na mwenyewe ni mzima.

Dawa zipo, kuna vidonge vya kupanga siku, kuna metformin ile ya sukari, na anayetaka mtoto kuna za kusaidia yai litoke, lakini hizo zataka karatasi ya daktari. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza asilimia 5 mpaka 10 kwaweza kurudisha mayai: mtu wa kilo 80 ni kilo 4 mpaka 8, basi. Sikwambii uache mahamri, tena hapa Malindi utakula nini asubuhi? Punguza mahamri uongeze mbaazi, na chai usiifanye sharubati. Alasiri ikipoa teremka ufukweni utembee. Ila hata kama hutaki mtoto usikae zaidi ya miezi mitatu bila damu ukajipongeza kwamba umepumzika, manake utando wa kizazi wazidi kunenepa na miaka ikienda waweza kugeuka saratani.

Tezi ya shingo yachosha kwa njia yake. Ikilala wachoka, wanenepa, wasikia baridi hata hapa kwetu, damu yaja nyingi. Ikichemka moyo wadunda na mwili wakonda. Hapa nataka niseme la chumvi. Twaishi jirani na Gongoni na Marereni kunakotoka chumvi tele, na Kenya sheria ya kutia madini ya ayodini kwenye chumvi ya kula iko tangu 1978, lakini ile ya mawe inayotoka moja kwa moja kwenye mabwawa haijatiwa. Nunua ya pakiti, uiweke kwenye kopo lenye kifuniko manake hewa yetu ya bahari yaipunguzia nguvu. Wala usizidishe, ayodini ikipita kiasi tezi yavurugika vile vile.

Sasa linalonikera kweli. Krimu za kung'arisha, na vile vidonge vya kunenepesha makalio vinavyouzwa kwa vipakiti bila jina. Ndani yake mara nyingi mna steroidi, dawa kali za jamii ya homoni, kama clobetasol ama dexamethasone. Uso wavimba mviringo, presha yapanda, sukari yapanda, siku zavurugika, alafu mtu yuaja kwangu kutafuta dawa ya homoni na chanzo kiko ndani ya mkoba wake! Kama umevitumia muda mrefu usiache ghafla, mwili waweza kuzimia, nenda kwa daktari akuteremshe polepole.

Wa miaka 45 kwenda juu, joto la ghafla na usingizi kukatika ni kawaida damu ikikaribia kukoma, na ikikusumbua matibabu yapo. Imeshakoma mwaka mzima alafu ikarudi? Nenda hospitali, usije kwangu. Pia anayelowesha pedi kwa saa moja masaa yakifuatana, anayetoka maziwa hanyonyeshi na kichwa chauma na macho hayaoni vizuri, na ambaye sauti imekuwa nzito ghafla.

Ukitumwa maabara, FSH na LH, zile homoni za kuamsha mayai, hupimwa siku ya 2 mpaka 5 ya damu. Projesteroni, ya kuonesha kama yai limetoka, ni siku 7 kabla ya damu inayofuata, kwa hivyo "siku ya 21" ni ya mwenye mzunguko wa 28 tu, wa 35 yake ni ya 28. Kabla ya kupima tezi acha vidonge vya nywele vyenye biotini siku mbili tatu, vyadanganya majibu. Na kama shida ni mtoto, mume naye apimwe, asibaki barazani akinywa kahawa.

Ukija, njoo na kalenda yako na kila dawa unayotumia, hata ile ya kificho. Ijumaa twafunga saa sita mpaka saa nane. Nyuma ya kaunta kuna pazia na viti viwili, ukikuta wanaume wamejaa we sema tu wataka kupima presha, nitakuelewa.