Chombo cha utafiti kisiozee gatini

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika safu hii kwamba vyombo vidogo vya utafiti wa bahari vimepitwa na wakati, kwa kuwa setilaiti na maboya yanayojiendesha yanaweza kufanya kazi yao kwa gharama ndogo. Mimi ni serangi katika chombo cha aina hiyo, kisichofika mita 25 kutoka omo hadi tezi. Sikubaliani naye.

Setilaiti hupima uso wa bahari. Kilichoko chini yake haikioni. Wingu likitanda, joto la maji na rangi yake havisomeki vizuri, au havisomeki kabisa. Karibu na midomo ya mito shida huzidi, kwa sababu tope na mwani vyote hubadilisha rangi ya maji. Ili ijulikane picha ile inaonyesha nini hasa, lazima mtu awe amechota maji ya mahali palepale siku ileile akayapima. Kwa hiyo setilaiti yenyewe inakihitaji chombo chetu.

Maboya hayo yanayojiendesha, ya mpango wa kimataifa uitwao Argo, yapatayo 4,000 duniani kote, nayasifu kwa moyo wote. Lakini yametengenezwa kwa ajili ya bahari kuu: boya huteremka hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku kumi hivi, likichukuliwa na mkondo popote uendako. Katika maji ya kina cha mita 30 au 50 litagota chini. Na ni katika maji hayo ya pwani ambamo samaki wengi hukulia na majitaka ya miji humwagika.

Kazi yetu inaonekana ya kuchosha kwa anayeitazama kutoka nchi kavu. Nahodha hukifikisha chombo kwenye kituo, nukta ileile ya juma lililopita, akakishikilia kisipeperuke. Tunashusha kifaa kiitwacho sitidii (CTD), kinachopima joto la maji, mgandamizo wake na uwezo wake wa kupitisha umeme. Kutokana na hayo matatu hukokotolewa chumvi. Pembeni yake zimefungwa chupa za Niskin, zilizo wazi juu na chini, ambazo hufungwa zikiwa kulekule kilindini, ili maji ya mita 20 yapande bila kuchanganyika na ya mita 5. Kisha unafuata wavu wa planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyochukuliwa na maji, wenye matundu ya sehemu ya tano ya milimita. Hapo ndipo mkono wa mwendesha winchi hupimwa. Akivuta kwa pupa, maji husukumwa mbele ya mdomo wa wavu na viumbe hupona pembeni; hesabu ya maabara itakuwa ndogo na hakuna atakayejua kwa nini.

Mwisho tunashusha sahani nyeupe ya Secchi, ya kupimia uangavu wa maji, iliyojaribiwa baharini mwaka 1865. Tunaiteremsha kwa kamba upande wa kivuli, na pale jicho linapoipoteza tunaandika kina. Katika vifaa vyote vya sitahani, hiki ndicho ninachokiheshimu zaidi, maana kipimo cha leo kinaweza kulinganishwa na cha watu waliokufa zamani.

Kulinganisha huko ndiyo roho ya kazi. Baharini nje ya Plymouth, Uingereza, kipo kituo kiitwacho E1, kilichoanza kupimwa mwaka 1903. Fedha zilipokatwa katika miaka ya 1980, vipimo vilisimama, vikarudi mwaka 2002. Pengo hilo liliangukia wakati bahari ilipokuwa ikipata joto, na hakuna setilaiti wala kompyuta inayoweza kurudi nyuma kuchota maji ya miaka ile. Katika kisiwa cha Helgoland, Ujerumani, maji yamekuwa yakichotwa kila siku ya kazi tangu 1962, kwa boti ndogo. Meli kubwa haiwezi kufanya hivyo; ratiba yake hupangwa mapema mno, nayo hupita mara moja ikaenda zake.

Hata hivyo vyombo hivi huozea gatini, na sababu ni ileile kila mahali. Fedha za kununua chombo hupatikana kwa urahisi kuliko za kukiendesha. Dizeli, bima, gharama za gudi, mishahara ya mabaharia: hayo husahaulika. Waya wa winchi hubaki uleule miaka na miaka, na waya uliochakaa ukikatika ukiwa na mzigo unaweza kumuua mtu aliyesimama sitahani. Kihisi cha chumvi kinahitaji kupelekwa kusahihishwa mara kwa mara. Kisiposahihishwa hakizimiki, bali huendelea kutoa namba zinazoonekana safi huku kikiuacha ukweli kidogo kidogo. Hilo linanitia hofu kuliko dhoruba, kwa sababu dhoruba tunaiona ikija na tunarudi bandarini.

Mhariri, waandishi wako wakialikwa kwenye uzinduzi wa chombo kipya, naomba waulize ni nani atakayelipia mafuta mwaka wa tatu, ni vituo vipi vitapimwa na kila baada ya muda gani, na waya wa winchi utabadilishwa lini. Majibu watakayopewa yachapeni pamoja na picha.

Serangi wa chombo cha utafiti