ΔG° peke yake haitoshi kusema mmenyuko unaelekea wapi

Ndugu Mhariri,

Katika makaratasi ya maswali na majibu ya kemia yanayouzwa kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, kuna jibu moja ambalo limekuwa sugu: "ΔG° ni chanya, kwa hiyo mmenyuko hauendi." (ΔG° ni badiliko la nishati huru ya mmenyuko katika hali sanifu.) Jibu hilo ni kosa, na ushahidi umo ndani ya kila mfuko wa urea. Amonia inayotengenezewa mbolea hiyo hutoka kwenye mitambo inayoendeshwa katika joto ambalo ΔG° yake ni chanya kabisa.

Tatizo ni kile kiduara kilicho juu ya G. Maana yake ni kwamba kila gesi, iliyoingia na iliyotoka, ipo kwenye presha ya baa 1. Hakuna mtambo wenye mchanganyiko wa namna hiyo. Mwelekeo huamuliwa na ΔG isiyo na kiduara: ΔG = ΔG° + RT ln Q, ambapo R ni kigezo cha gesi na T ni joto kwa kelvini. Q ni presha za mazao zikigawanywa kwa zile za viambato, kila moja kwa kipeo chake katika mlinganyo. Hukokotolewa kama K, namba ya msawazo (pale mmenyuko usipoelekea tena upande wowote), ila kwa presha za gesi zilizopo muda huo, si zile za kwenye msawazo. Q ikiwa ndogo kuliko K, mmenyuko unakwenda mbele. Ikizidi K, unarudi nyuma.

Tuchukue amonia yenyewe: N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, ΔH° (badiliko la joto la mmenyuko) ni −92.2 kJ na ΔS° (badiliko la entropia, yaani kiasi cha mtawanyiko) ni takriban −199 J kwa kelvini, maana moli nne za gesi zinakuwa mbili. ΔG° = ΔH° − TΔS° inatoka kama −33 kJ. Kwa hesabu hiyo mchanganyiko ungegeuka amonia hapo hapo mezani, lakini unaweza kukaa miaka bila kubadilika: ΔG haisemi lolote kuhusu kasi. Ndiyo sababu viwanda hutumia kichocheo cha chuma na joto la nyuzi 400 hadi 500. Lakini ΔG° huvuka sifuri karibu na kelvini 464, yaani nyuzi 190 hivi, kwa hiyo mtambo uko mbali upande wa chanya.

Katika nyuzi 450 (kelvini 723), K iliyopimwa ni takriban 4.3 × 10⁻⁵, sawa na ΔG° ya +60 kJ. Sasa weka presha ya jumla ya baa 200: naitrojeni 49, haidrojeni 147, amonia 4. Q = 4² ÷ (49 × 147³), yaani takriban 1.0 × 10⁻⁷. Ni ndogo kuliko K zaidi ya mara 400. ΔG inakuwa −36 kJ, na amonia inatengenezwa. Presha ndiyo iliyofanya kazi hiyo, kwa kuwa katika Q, chini ya mstari jumla ya vipeo ni vinne na juu ni viwili. Kwa baa 1 tu, katika joto lile lile, amonia ingefikia kama asilimia 0.2 na kuishia hapo.

Endelea mpaka amonia ifike baa 60, naitrojeni 35 na haidrojeni 105. Q sasa ni 8.9 × 10⁻⁵. Imeipita K, na mchanganyiko kama huo ukipita kwenye kichocheo utavunja amonia badala ya kuiongeza. Kwa hiyo viwanda hupoza gesi, huitoa amonia ikiwa kimiminika, kisha hurudisha gesi iliyobaki kwenye mtambo.

Makosa ya wanafunzi hurudi yale yale. La kwanza ni kuzidisha ΔS ya juli kwa T na kuijumlisha na ΔH ya kilojuli bila kugeuza vipimo. La pili ni kusahau kugeuza Selsiasi kuwa kelvini. La tatu ni baya zaidi, kwa sababu jibu huonekana safi: kuandika mlinganyo kwa moli moja ya amonia, ambapo K inakuwa kipeuo cha pili, 0.0066, kisha kuilinganisha na Q ya mlinganyo mzima. Fanya hivyo kwenye mfano wa baa 60 na utaapa kwamba mmenyuko unakwenda mbele.

Kuna pia wanaochukua ΔH° na ΔS° za nyuzi 25 na kuzipeleka moja kwa moja kwenye nyuzi 450. Hapo K hutoka 1.9 × 10⁻⁴, zaidi ya mara nne ya ile iliyopimwa, kwa sababu namba hizo nazo hubadilika na joto. Kwa kukisia alama ya ΔG° si vibaya. Kwa kukokotoa kiasi cha amonia, hapana. Na kwenye baa 200 gesi hazifuati tena sheria ya gesi bora sawasawa: hesabu ya hapo juu inatoa kama asilimia 24 ya amonia kwenye msawazo, lakini kiasi halisi huzidi hapo.

Argoni, gesi isiyoshiriki mmenyuko, nayo huwachanganya wengi. Ukiiongeza kwenye chombo kisichobadilika ujazo, presha ya kila gesi inabaki ilivyo na Q haisogei. Lakini presha ya jumla ikishikiliwa, argoni ya asilimia 10 hushusha kila gesi nyingine hadi 0.9 ya ilivyokuwa, na Q hupanda kwa kama asilimia 23. Mtambo unaozungusha gesi ile ile hukusanya argoni, hivyo sehemu ya gesi lazima itolewe nje mara kwa mara.

Ombi langu kwa watunzi ni dogo: swali linalouliza mwelekeo litaje joto, K ya joto hilo, na presha ya kila gesi. Likikosa hivyo, liulize alama ya ΔG° tu na lisitaje mwelekeo kabisa.

Mwalimu wa kemia,
Morogoro