Karamu za tuzo ziendelee, ila ahadi ya karo iandikwe na itolewe hesabu

KWA MHARIRI,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu karamu za kuwatuza wanafunzi waliofanya vyema, ambazo jumuiya zetu hapa Nairobi, ziwe za makanisa, za misikiti, za wakazi wa mtaa mmoja au za watu waliotoka kijiji kimoja, huandaa kila mwaka baada ya matokeo ya mitihani kutangazwa. Nimefundisha katika shule za Eastlands hadi nilipostaafu, na nimehudhuria nyingi ya karamu hizo, mara nyingine kama mzazi, mara nyingine kama mwalimu wa mtoto anayetuzwa. Nazipenda na ningetaka ziendelee. Ninachoomba ni kwamba kila jumuiya inayomwita mtoto jukwaani na kumwahidi karo iiandike ahadi hiyo, itaje ni ya muda gani na inalipia nini hasa, na katika karamu ya mwaka unaofuata, kabla ya chakula kuandaliwa na kabla ya mtoto mwingine yeyote kuitwa, isome mbele ya wote taarifa ya wale waliotuzwa mwaka uliotangulia.

Nasema haya nikiijua vyema thamani ya karamu zenyewe. Mtoto anayelelewa katika chumba kimoja Mathare au Mukuru, anayedurusu kwa mwanga wa simu ya mamake kwa sababu stima imepotea, hana njia nyingi za kujua kwamba majirani wameiona bidii yake. Jioni ile watu wazima huvaa nguo zao za sikukuu kwa ajili yake, jina lake husomwa kwa kipaza sauti, na wadogo zake walioketi nyuma humwona akisalimiana na mgeni wa heshima. Katika karamu moja nilimtazama baba mmoja, fundi wa viatu katika soko la Kariokor, aliyekuwa amevaa koti la kuazima ambalo mikono yake ilimfika kwenye vidole. Kila mara jina la bintiye lilipotajwa alisimama, ijapokuwa mshereheshaji alikuwa amewasihi wazazi wabaki vitini, na hakuna aliyethubutu kumwambia aketi. Wapo wanaosema kwamba sherehe zifutwe na fedha zote ziende kwa karo. Mimi siungani nao, kwa kuwa heshima ile pia ni haki ya mtoto na ya mzazi wake.

Lakini karamu ni ya usiku mmoja, na karo hudaiwa muhula baada ya muhula. Mvulana mmoja niliyemfundisha alitunukiwa udhamini katika hoteli moja jijini. Mfanyabiashara mmoja alisimama akasema kijana huyo asiwe na wasiwasi hadi atakapomaliza kidato cha nne, ukumbi ukashangilia, na kijana akapigwa picha ameshika hundi ya kadibodi iliyomfunika kuanzia kidevuni hadi magotini. Muhula wa kwanza ulilipwa. Wa pili hakikuja kitu. Wa tatu alirudishwa nyumbani, na mamake, ambaye huuza mboga kando ya barabara, akanijia amebeba cheti kilichotiwa fremu pamoja na karatasi ya karo yenye muhuri wa shule, akitaka kujua karatasi hiyo aipeleke kwa nani. Nilipoulizia huku na huku niligundua kwamba hapakuwa na mwizi. Mweka hazina alikuwa amehamia Mombasa na daftari alikuwa nalo. Mwenyekiti alidhani mfanyabiashara yule analipa shuleni moja kwa moja, na mfanyabiashara alidhani kwamba fedha alizotoa usiku ule ndizo mchango wake wote na kwamba kamati ingetafuta zilizobaki. Hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema nani alipe nini, na lini.

Liko jambo jingine katika kisa hicho ambalo liliniuma zaidi. Mama huyo alipokwenda kuomba basari, kamati iliyoketi kuchagua wanaostahili ilimwambia kwamba mwanawe tayari ana mfadhili, kwani watu walikuwa wameiona picha ya hundi ile. Kwa hivyo tuzo ambayo haikulipwa ilimfungia mlango mwingine ambao pengine ungefunguka. Sidhani wanakamati wengi wa karamu hizi huwaza kwamba ahadi isiyotimizwa inaweza kumwacha mtoto katika hali mbaya kuliko kama asingeahidiwa chochote, lakini ndivyo ilivyo. Wahenga walisema ahadi ni deni, na mdai wa deni hili ana umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, hana ubavu wa kupiga simu kudai.

Tuangalie pia kile kinachoahidiwa. Kwa miaka ya hivi karibuni karo rasmi ya shule za kitaifa za bweni imekuwa Sh53,554 kwa mwaka. Jumuiya nyingi hulenga kiasi hicho, au sehemu yake, na kuona kwamba kazi imekwisha. Aliyewahi kumpeleka mtoto bweni anajua kwamba barua ya kujiunga na shule huja na orodha yake: godoro, blanketi, shuka, sanduku la bati na kufuli, ndoo, sare za darasani na za michezo, viatu jozi mbili, kamusi, atlasi, vifaa vya hesabu, sabuni na karatasi za msalani za muhula mzima. Hata mzazi anayenunua sanduku na blanketi Gikomba kwa kubembelezana bei hutumia fedha ambazo kibarua hazipati kwa mwezi mmoja. Juu ya hayo kuna nauli ya kwenda na kurudi kila likizo, na shule aliyopangiwa mtoto wa Kayole huenda ikawa Kakamega au Meru. Nimewajua watoto ambao karo yao ililipwa kikamilifu na bado wakachelewa kuripoti kwa wiki kadhaa kwa sababu ya sanduku na godoro. Kamati inayotaka kumsaidia mtoto kwa dhati ingeanza kwa kuisoma orodha hiyo pamoja na mzazi, mstari kwa mstari, kisha iseme wazi kile itakacholipia na kile ambacho mzazi atajitafutia.

Mabadiliko ya mtaala yametupa fursa ya kulipanga jambo hili upya. Chini ya mfumo wa 8-4-4, mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulimtoa mtoto darasa la nane na kumwingiza katika miaka minne ya sekondari. Sasa, chini ya mtaala mpya, waliofanya tathmini ya kwanza ya KJSEA, ile ya kumaliza Gredi ya 9, mwishoni mwa 2025 waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, na sekondari ya juu ni ya miaka mitatu. Jumuiya inayoahidi kumsomesha mtoto hadi amalize inaahidi miaka mitatu badala ya minne. Kwa kiwango kile cha Sh53,554, hiyo ni Sh160,662 za karo kwa mtoto mmoja hadi mwisho. Hesabu hiyo inaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kuwekwa mezani kabla ya kadi za mwaliko kuchapishwa. Kamati ikiona kwamba ina uwezo wa watoto wawili, basi iwaahidi wawili na iwafikishe, na wengine kumi iwape vyeti, vitabu na makofi bila kuwadanganya. Kwa maoni yangu hilo ni bora kuliko kuwaita kumi na wawili na kuwalipia wote muhula mmoja.

Uteuzi nao unahitaji kutazamwa. Wakati wa KCPE ilikuwa rahisi: kamati ilitazama alama kati ya 500 na kuwapanga watoto kutoka juu kwenda chini. Sasa matokeo hutolewa kwa viwango vya umilisi katika kila somo, na katika kuwapangia watoto shule za sekondari ya juu hutumika asilimia 60 kutokana na KJSEA, asilimia 20 kutokana na tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6, na asilimia 20 kutokana na tathmini za shuleni. Bado nasikia kamati zikiuliza nani alikuwa nambari wani. Mtoto anayeelekea mkondo wa sanaa na michezo, aliyeonyesha kipawa katika uchoraji au muziki, ni mwanafunzi bora sawa na yule wa sayansi, na kamati itangaze mapema vigezo vyake ili mzazi ambaye mwanawe hakuitwa ajue sababu.

Kwamba inawezekana kumfuata mwanafunzi baada ya shangwe, historia ya jiji hili inaonyesha. Mnamo Septemba 1959 ndege iliwachukua wanafunzi 81 hapa Nairobi kwenda kusoma Marekani, kutokana na juhudi za Tom Mboya, mwanasiasa na kiongozi wa wafanyakazi, ambaye sanamu yake imesimama Moi Avenue. Tunapenda kuikumbuka ile safari ya ndege, lakini wakfu uliosimamia mpango ule kule Marekani uliendelea kuwasaidia wanafunzi waliokwama huko vyuoni. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, aliondoka na kundi la 1960, akapokewa katika chuo kimoja huko Kansas, na akamaliza shahada yake ya kwanza mwaka wa 1964. Karibu nasi zaidi, mpango wa udhamini wa Wings to Fly ulioanzishwa mwaka wa 2010 na wakfu wa benki ya Equity hulipa karo na pia sare, nauli na fedha za matumizi, na humpa mwanafunzi mtu mzima wa kumshauri. Najua kwamba jumuiya ya mtaa haina fedha za benki. Hata hivyo, kumpigia mwalimu wa darasa simu kila mwisho wa muhula hakuhitaji fedha za benki.

Naongeza neno kuhusu kamera, kwa sababu limenisumbua kwa muda mrefu. Katika baadhi ya karamu mtoto hupewa kipaza sauti na kuombwa aeleze mbele ya wageni jinsi walivyolala njaa, au jinsi babake alivyowaacha, kisha video husambazwa kwenye simu za kila mtu. Wachangishaji husema kwamba machozi hufungua mifuko. Mtoto huyo atarudi shuleni Jumatatu, na wenzake watakuwa wameiona. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na mnamo Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Lakini hata pasipo sheria, mtoto aliyefanya vyema aitwe aelezee masomo anayoyapenda na kazi anayoitamani. Hali ya nyumbani kwao ibaki kwenye faili ya kamati.

Nimewahi kuyasema haya katika kikao, na jibu nililopata ni kwamba kusoma taarifa ya mwaka uliopita mbele ya wafadhili kutawaaibisha waliochelewa kulipa, nao hawatakuja tena. Hofu hiyo naielewa, kwa kuwa hapa kwetu harambee hujengwa kwa kuheshimiana. Lakini taarifa haina haja ya kumtaja mfadhili. Inatosha iseme kwamba mwaka jana waliahidiwa watoto watano, wanne wako shuleni na karo yao imelipwa hadi muhula huu, mmoja ana salio la kiasi hiki, na salio hilo litaanza kulipwa kwa michango ya leo. Wapo wafadhili wengi ambao hawajui kilichofanyika baada ya wao kutoa hundi zao, na naamini wangetoa kwa moyo zaidi kama wangejua. Wazazi nao wapewe nakala ya barua ya ahadi yenye sahihi ya mwenyekiti na mweka hazina, ili kamati ikibadilika, ile mpya iwe na wajibu uleule, na ili mzazi anapokwenda kuomba basari aweze kuonyesha kwamba jumuiya inalipa sehemu fulani tu.

Kamati ya mtaa wetu itakutana kabla ya muhula wa pili kuanza. Nimekwisha kuiandikia kujitolea kulitunza daftari la ahadi hizo bila malipo, kupiga simu shuleni kila mwisho wa muhula, na kuiandaa taarifa ya kusomwa kwenye karamu. Naziomba kamati nyingine zinazosoma gazeti hili ziwatafute walimu wastaafu walio karibu nazo. Tupo wengi, tuna muda, na tunajua mhasibu wa shule hupatikana siku gani.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mwalimu mstaafu,
Jericho, Nairobi.